Mwalimu, leo tumekosa nini? Barua ya wazi kuhusu jembe la shule

Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Kwa viongozi wa TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Kwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Kwa wakuu wa vyuo vinavyoandaa walimu wa kilimo. Na kwa wakuu wa shule za sekondari nchini.

Waheshimiwa, shikamooni.

Mimi ni mwanafunzi wa ualimu wa somo la kilimo, mwaka wa tatu. Mwaka jana, kuanzia Julai hadi Septemba, nilikwenda BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, katika shule moja ya sekondari ya kata mkoani Dodoma. Shule siitaji kwa jina. Walimu wake walinipokea kama ndugu, wakanitafutia chumba, wakanigawia unga mpaka fedha yangu ya kujikimu ilipoingia. Tena haya nitakayoyaeleza nimeyasikia kwa wenzangu waliopangiwa mikoa mingine. Nataka kusema nanyi juu ya jembe: namna tunavyomkabidhi mtoto jembe shuleni, na kile anachojifunza siku hiyo kabla mwalimu hajafungua kinywa.

Ilikuwa wiki ya tatu, Jumatano. Nilikuwa na vipindi viwili mfululizo na Kidato cha Pili, wanafunzi 62, mada ni utayarishaji wa shamba. Usiku wake niliandika andalio la somo kwa mwanga wa simu. Asubuhi nilichukua stoo majembe kumi na mawili na sururu mbili, nikakata kamba ya katani, nikachonga vigingi vya kupimia mistari. Nilikuwa na furaha ya mtu anayekwenda kufanya kazi aliyoichagua mwenyewe. Nikaingia darasani, tukasalimiana, nikawaambia kwamba leo hatukai humu ndani, tunakwenda shambani.

Walitoka kimya. Nilitegemea vurugu kidogo, kicheko, watu kugombea majembe yenye mpini mzuri. Walipofika shambani walijipanga mistari miwili bila kuambiwa, mikono nyuma, macho chini. Msichana aliyekuwa mbele akanyoosha mkono, akasubiri nimpe ruhusa, akauliza taratibu:

"Samahani, mwalimu. Leo tumekosa nini?"

Nilifungua mdomo niwaambie kwamba hawajakosa lolote, kwamba hiki ni kipindi. Ndipo macho yangu yakakutana na ya kijana mmoja mstari wa pili, nikamtambua. Wiki iliyotangulia nilikuwa namsaidia mwalimu wa zamu. Saa moja na robo asubuhi nilisimama getini na daftari, nikakamata wachelewaji tisa, nikawapimia kila mmoja hatua tano kwa tano nyuma ya madarasa wakatue. Yule kijana alikuwa wa nne. Hakuna aliyenilazimisha. Nilifanya kama nilivyoona wenzangu wanafanya, na kama nilivyofanyiwa nilipokuwa mwanafunzi. Alikatua eneo lake mpaka kipindi cha kwanza kikapita, nacho kilikuwa cha hisabati. Sasa siku saba baadaye nilikuwa nimesimama mbele yake na jembe lilelile, nikitaka aniamini kwamba leo ni elimu.

Waheshimiwa, mnaijua orodha hii kwa sababu wengi wenu mmepita humo. Aliyechelewa analima. Aliyeongea Kiswahili mahali palipokatazwa anazoa samadi. Aliyetoroka anang'oa kisiki, na kisiki cha Dodoma wakati wa kiangazi kinaweza kumaliza siku mbili. Asiyevaa soksi anafyeka. Katika miezi ile miwili na nusu nilianza kuhesabu ni mara ngapi mwanafunzi anaingia shamba la shule, na kwa sababu gani. Isipokuwa vipindi vyangu na siku moja ya kuandaa eneo la bustani, kila alipoingia alikuwa ameadhibiwa. Fikirini mtoto aliyefanyiwa hivyo miaka minne. Anajifunza kwa viganja vyake kwamba jembe ni la mkosaji, na mtu mwema hukaa darasani.

Fimbo angalau ina utaratibu. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, atoe mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua, na viandikwe kwenye kitabu. Zinafuatwa ama hazifuatwi, hilo ni suala jingine, lakini mzazi akiuliza kuna mahali pa kushika. Jembe nililolitoa mimi getini halikuandikwa popote. Hakuna aliyeniuliza nimewapa wangapi, eneo gani, wakakosa kipindi gani. Daftari langu la zamu lilikuwa na majina tisa na neno moja mbele ya kila jina: "Amelima."

Najua jibu litakalokuja haraka: na sisi tulilima shuleni, mbona tumekuwa watu? Wazazi wangu wanasema hivyohivyo, na ninawaheshimu. Sipingi watoto kufanya kazi. Napenda wafanye kazi zaidi ya wanavyofanya sasa. Lakini tukumbuke tulikoanzia. Mwaka 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, alitaka kila shule iwe pia shamba, na alieleza kwa urefu shamba hilo liwe la namna gani. Wanafunzi washiriki kupanga. Wabishane na walimu wao juu ya nini kipandwe. Wakikosea hesabu, waone hasara; wakifanya vizuri, maisha yao pale shuleni yawe bora kwa jasho lao. Mahali pa shamba palikuwa katikati ya masomo. Sisi tumechukua jembe kutoka kwenye fikra ile, tukaacha kupanga, tukaacha kuamua, tukaacha mavuno, tukabaki na kuinama.

Kwetu ni Mbinga, Umatengoni, mkoani Ruvuma. Nimejifunza jembe nikiwa nyuma ya bibi yangu, na kwa hiyo naomba mnivumilie nieleze kitu kimoja cha kwetu. Milima yetu ina mwinuko mkali, na mvua ni nyingi. Mtu akilima tambarare kama anavyolima wa bondeni, udongo wote unaishia mtoni. Wamatengo wakabuni ngoro. Nyasi zinafyekwa na kuachwa zikauke, kisha zinapangwa mistari inayokatana, mithili ya viraka vya mraba mlima mzima. Udongo unachotwa katikati ya kila kiraka na kufunikwa juu ya nyasi, ndipo panabaki shimo katikati na tuta pande zote nne. Maharage yanapandwa juu ya matuta. Msimu unaofuata, mahindi. Maji ya mvua yanaingia shimoni yanatulia, na nyasi zinaoza chini ya tuta zinakuwa mbolea. Kufyeka na kupanga nyasi kwa desturi ni kazi ya wanaume, kufunika udongo na kupanda ni ya wanawake. Bibi alikuwa akifunika huku anaimba. Akifika mwisho wa mstari anageuka kuangalia alikotoka, ananiambia, "Ona, mjukuu wangu, mlima umevaa." Ngoro zimekuwepo tangu kabla ya serikali yoyote kuleta bwana shamba kule. Sijawahi kusikia mtu aliyepigwa ili achimbe ngoro.

Sasa nasoma Morogoro, na kila asubuhi naiona milima ya Uluguru. Huko nako kulikuwa na jambo zuri la hifadhi ya udongo. Serikali ya kikoloni katika miaka ya 1950 iliwataka Waluguru wachimbe matuta ya ngazi kwenye miteremko. Kitaalamu matuta yale yalikuwa na hoja: udongo ulikuwa unaporomoka kweli. Lakini yaliletwa kwa amri na kwa faini, na yaliwachosha watu bila wao kuona faida kwenye ghala. Mwaka 1955 watu waliinuka kuyapinga, kukatokea ghasia Matombo, damu ikamwagika, na mradi ukaachwa. Milima ni ileile, mvua ni ileile. Kila nikisoma habari hii nalinganisha na mlima wa bibi, naona ni kwa nini kitu kizuri kikifika mkononi mwa mtu kama adhabu, anakitupa siku ile ile mkono wa mlazimishaji unapolegea. Vijana wetu wanamaliza Kidato cha Nne wakiwa wamefikia siku hiyo.

Nirudi kwa wale 62. Siku ile niliyaweka majembe chini. Tulikaa kivulini chini ya mbuyu, nikawaomba radhi, kwanza yule kijana kwa jina lake, halafu wote. Baadhi walishtuka kuliko ambavyo wangeshtuka kupigwa. Kisha nikawauliza ni nani nyumbani kwao wanalima nini. Hapo ndipo darasa lilipofunguka. Mtama, uwele, alizeti, karanga, ufuta kidogo. Kijana mmoja akanieleza tofauti ya kuberega na kukatua: wanaoberega wanaparua tu juu na kupanda bila kugeuza udongo, kwa sababu mvua zikichelewa hakuna muda wala nguvu, na ukikatua eneo dogo unaweza kukosa chakula. Mimi mtoto wa Mbinga sikuwahi kuisikia hata siku moja. Nilikuwa nimekuja na andalio zima juu ya mahindi.

Hapa pana jambo la lugha, nalitaja kwa kifupi. Somo la kilimo sekondari linafundishwa kwa Kiingereza. Kuna siku niliandika ubaoni neno la Kiingereza la palizi, nikauliza nani anaweza kueleza. Kimya. Nikasema "palizi", na mikono ikainuka darasa zima. Wakanieleza palizi ya kwanza inafanyika mtama ukiwa na urefu gani, na gugu gani ukiliacha linanyonya mizizi ya mtama kutoka chini. Gugu hilo ni kiduha, lenye maua mazuri, na vitabu vya kilimo vya dunia nzima vinalihofia. Watoto wa kijiji kile walikuwa wanalifahamu kwa sura. Kwenye mtihani wangepata sifuri.

Kwa wiki tatu hatukugusa jembe. Tulianza na mboji, kwa kuwa mboji haikuwa kwenye orodha ya adhabu. Mabua makavu chini, majani mabichi juu yake, samadi kutoka zizi la jirani, majivu kidogo, udongo wa juu, tukarudia matabaka hayo mpaka lundo likafika kifuani. Maji yalikuwa shida. Bomba la shule lilitoa maji siku mbili kwa wiki, kwa hiyo tulikusanya yale ya kunawia mikono na kuosha vyombo vya walimu. Katikati ya lundo tulichomeka kijiti kirefu, kama inavyofanyika, ili kupima joto.

Siku ya tano asubuhi, kabla ya kengele, nilimkuta yule msichana aliyeuliza swali amesimama peke yake kwenye lundo. Alichomoa kijiti, akakishika mwishoni, akakiachia haraka. Akakishika tena. Kisha akakiweka shavuni, akafumba macho. Aliponiona alisema, "Mwalimu, ni cha moto. Hakuna aliyewasha." Alikimbia kuwaita wenzake, na ndani ya dakika chache kijiti kile kilikuwa kinapita mkono kwa mkono, kila mtu anataka kukigusa kabla hakijapoa. Walikuwa wamefika mapema, wote, bila mtu getini.

Baada ya hapo wao wenyewe ndio waliouliza lini tutalima. Lakini ilikuwa Agosti, na Dodoma Agosti hailimwi. Maeneo mengi ya mkoa ule yanapata mvua ya milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Azimio la kazi, yaani mpango wa vipindi vya muhula, lilinitaka nifundishe upandaji, palizi, udhibiti wa wadudu, vyote kwa vitendo, kwenye ardhi iliyokauka mpaka sururu inatoa cheche. Kiwavijeshi vamizi, mdudu aliyeingia nchini mwaka 2017 na kuwatesa wakulima wa mahindi tangu hapo, niliwafundisha kwa mchoro. Wao walimjua kutoka mashamba ya nyumbani. Mimi niliyekuwa mwalimu ndiye nilikuwa sina cha kuwaonyesha.

Tukaamua kufanya kile kinachowezekana kiangazi, na bahati nzuri mkoa huo wenyewe una jibu lake. Kuna mashimo yanayoitwa chololo, yamepewa jina la kijiji cha Chololo hukohuko Dodoma. Unachimba shimo la upana wa sentimita 22 hivi na kina cha sentimita 30, shimo hadi shimo sentimita 60, mstari hadi mstari sentimita 90. Unaweka majani makavu na samadi ndani, unarudishia sehemu ya udongo, unaacha kinywa cha shimo kiwe chini ya usawa wa ardhi. Mvua ikija, maji yanakimbilia humo badala ya kukimbilia korongoni. Kazi hii inafanyika mvua ikiwa bado mbali, ili siku ya mvua ya kwanza mkulima apande tu. Kwangu ilikuwa kama kuziona ngoro za bibi zimehamia nchi ya ukame.

Tulipima eneo la mita 18 kwa 12. Wanafunzi walipiga hesabu wenyewe kwenye vumbi kwa kijiti: mistari ishirini, mashimo ishirini kila mstari, jumla 400. Watu 62, kila mmoja mashimo sita na ziada kidogo. Yule kijana wa hatua tano kwa tano akasema yeye atachukua ya ziada. Tulichimba Jumatano tatu. Ardhi ilikuwa ngumu, viganja vilitoka malengelenge, na wengine walilalamika kama anavyolalamika mtu yeyote anayefanya kazi ngumu. Hakuna aliyeuliza amekosa nini.

Kisha Septemba ikafika, nikafunga begi nikaondoka.

Mwezi Januari mwaka huu mwalimu mwenyeji wangu alinipigia simu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, ya pili tangu msimu uanze, kisha jua likawaka siku mbili. Alisema ardhi ya pembeni ilikuwa imeshaganda juu, na ndani ya mashimo ukiingiza kidole unakuta unyevu. Walikuwa wamepanda mtama wa aina ya Macia na umeota. Watoto walikuwa wanauliza kama nimeambiwa. Nilikuwa nimekaa ukumbini na wenzangu karibu mia mbili, tunasikiliza mhadhara juu ya mbinu za kufundishia kilimo kwa vitendo.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza linawahusu wakuu wa vyuo. Kalenda ya mazoezi ya kufundisha imepangwa kufuata likizo ya chuo, na kwa masomo mengine hilo halina madhara. Historia inafundishika Agosti sawa na Februari. Kwa mwalimu wa kilimo, hasa anayepangiwa mikoa yenye msimu mmoja wa mvua kama Dodoma, Singida, Iringa, Mbeya na Ruvuma, ni sawa na kumfundisha mtu kuogelea mto ukiwa umekauka. Anamaliza shahada bila kuwahi kusimama na wanafunzi mbele ya mche unaoota. Shule zinafunguliwa Januari. Tupeni sisi wa kilimo Januari hadi Machi, hata ikibidi tusogeze mihula yetu miwili tofauti na wengine. Ikishindikana yote, tupeni nusu: wiki nne za kiangazi za kuandaa, wiki sita za mvua za kupanda na kupalilia, shule ileile, watoto walewale.

Na mnapotuma watathmini, watumeni wafike shambani. Wangu alikuja mara mbili, mtu muungwana aliyesafiri usiku kucha. Alikaa nyuma ya darasa dakika arobaini, akaangalia andalio, matumizi ya ubao, sauti yangu, usafi wa maandishi. Nilimwomba twende tukaone mashimo, ni mwendo wa dakika saba. Akatazama fomu yake kwa masikitiko, akasema hakuna sehemu ya kujaza. Nilipata alama nzuri. Zilikuwa za ubao.

Ombi la pili ni la Wizara na TAMISEMI. Naomba waraka unaosema wazi kwamba kulima, kufyeka, kuzoa samadi na kung'oa visiki havitatumika kama adhabu katika shule yoyote, na kwamba shamba la shule ni chumba cha kufundishia kama ilivyo maabara. Hakuna mwalimu wa kemia anayewaadhibu wachelewaji kwa kuwafungia maabara wapime tindikali. Zamu za kawaida za usafi na za bustani zibaki. Zinamhusu kila mtu, mwema na mkorofi, na hivyo ndivyo nyumba yoyote inavyoendeshwa. Mchelewaji apewe adhabu nyingine. Wengi wa wachelewaji wangu tisa walikuwa wanatembea zaidi ya saa moja kufika shuleni, na hilo sikuliuliza getini; nililijua chini ya mbuyu.

Ombi la tatu ni la wakuu wa shule, na ninalitoa kwa adabu nikijua mzigo wenu. Wanafunzi wangu waliniuliza swali nililoshindwa kujibu: mwaka juzi shamba la shule lilitoa magunia mangapi, na yalikwenda wapi? Sisemi mtu alikula. Inawezekana kabisa yaliingia kwenye uji wa watoto au yakalipa mlinzi. Ila aliyelima hakuambiwa, na mtu asiyeambiwa hujaza mwenyewe. Wekeni daftari la shamba kwenye ubao wa matangazo: mbegu kiasi gani, samadi kutoka wapi, siku za kazi, mavuno kwa debe, fedha iliyopatikana, imetumika wapi. Waandike wanafunzi wa kilimo wenyewe, wasome mbele ya paredi kila mwezi. Kumbukumbu na hesabu za shamba zimo kwenye muhtasari wa somo. Tunazifundisha kwa mkulima wa kubuni mwenye ekari za kubuni, wakati shamba halisi liko nje ya dirisha.

Najua serikali inajali kilimo, namba zinaonyesha. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilikuwa shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22, ikapanda hadi bilioni 954 mwaka uliofuata. Vijana wamepewa mashamba ya pamoja chini ya programu ya Jenga Kesho Iliyo Bora, likiwemo lile la Chinangali, Dodoma hiyohiyo. Januari 2024 mtaala mpya umeanza kutumika na mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na stadi za kazi, umefunguliwa, kilimo kikiwa ndani yake. Mashamba hayo yanamsubiri kijana akifika miaka kumi na minane. Anayafikia akiwa ameshakaa shule miaka kumi na moja, akifundishwa kila asubuhi getini kwamba ardhi ni mahali anapotupwa aliyekosea. Ninyi mnamwita mwekezaji. Yeye anakumbuka kisiki.

Julai hii namaliza chuo na nitaomba ajira. Mungu akijalia nitapangwa shule ambayo siijui, nitakuwa mgeni na mdogo kuliko wote ofisini, na wiki ya pili au ya tatu zamu itanifikia. Nitasimama tena getini na daftari. Watakuja wamechelewa, watajipanga, na mwalimu mkubwa kwangu kwa umri na kwa cheo ataniambia kwa nia njema kabisa, "Mwalimu, si wewe wa kilimo? Wapeleke shambani hao." Siku hiyo nataka niwe na karatasi yenu mkononi, yenye muhuri, nimwonyeshe. Mvua Dodoma zinaanza Desemba. Ukurasa mmoja unatosha, na muda bado upo.

Wenu mtiifu,

Mwalimu mwanafunzi wa kilimo, Morogoro